Mama aliambiwa kiharusi, kumbe ni misuli: jibu kwa msomaji wa Kisauni

Swali: "Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 64, tunakaa Kisauni, Mombasa, na ana presha ya siku nyingi. Ramadhani iliyopita, jioni moja baada ya futari, jicho lake la kushoto lilijifunga, mdomo ukalegea, maneno yakawa yanatokea puani. Tulimkimbiza hospitali tukaambiwa ni kiharusi. Skani ya kichwa ikatoka safi, wakasema basi ni kiharusi kidogo, wakampa aspirini na dawa ya mafuta ya damu. Asubuhi akawa anasema vizuri kabisa, jioni akarudi vilevile. Tuliishi hivyo wiki sita. Kisha akashikwa na kifua, duka la dawa likampa azithromaisini, na siku ya pili akashindwa kumeza na kupumua, akawekwa kwenye mashine chumba cha mahututi. Huko ndiko daktari mwingine aliposema ni miasthenia gravisi. Sasa yuko nyumbani. Wale wa kwanza walikosea? Sisi tungejuaje? Na akizidiwa tena, tukifika kasualti tuseme nini?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Umeuliza mambo matatu. La tatu ndilo nitakalolikalia zaidi, maana linahusu uhai wa mama kuanzia leo.

Jioni ile ya kwanza hawakukosea. Mama wa miaka 64 mwenye presha, uso umelegea na maneno hayatoki sawa, hata mimi ningeanza na kiharusi. Kiharusi cha kuziba mshipa kina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kila dakika inayopita, sehemu ya ubongo inakufa. Kwa hiyo kasualti inayojua kazi yake haianzi kutafuta magonjwa adimu mtu anapoletwa akiwa hivyo. Inampima sukari palepale, kwa sababu sukari iliyoshuka sana humlegeza mtu upande mmoja ukaapa ni kiharusi. Kisha inauliza mara ya mwisho alionekana mzima ni saa ngapi, na kumpeleka kwenye skani. Mgonjwa aliyevushwa kwa feri kutoka Likoni, au aliyekwama Daraja la Nyali saa za jioni, anafika wakati wake umeshaliwa sehemu kubwa. Ningemlaumu daktari aliyesita kuliko huyo aliyeharakisha.

Wala skani safi haikuwa na jibu lenyewe. Familia nyingi huambiwa "skani haikuonyesha kitu" wakaelewa kwamba hakuna kiharusi. Sivyo. Skani ya kawaida ya kichwa katika saa za mwanzo inatusaidia hasa kuona kama damu imevuja ndani ya ubongo. Kiharusi cha kuziba kinaweza kisionekane mpaka saa nyingi zipite, na kikiwa kidogo, au kikiwa kwenye shina la ubongo, huenda skani hiyo isikione kabisa. Kwa hiyo walipomwanzishia aspirini usiku ule walikuwa na sababu.

Kosa ninaliona asubuhi yake, mama alipoamka anasema vizuri. Pale ndipo mtu alipaswa kuvuta kiti, akae, aulize upya. Kiharusi hakiji na kuondoka kwa kufuata jua. Kikipiga, hupiga ghafla na kwa nguvu zake zote, kisha mgonjwa hubaki vile au hupata nafuu polepole kwa siku na wiki. Kuna kile cha kupita, kinachokuja na kutoweka, mara nyingi ndani ya saa moja, na hicho ni onyo kubwa la kiharusi kamili. Lakini hata hicho hakirudi kila jioni kwa wiki sita, kila mara baada ya kula na kuzungumza, kisha kikaondoka kwa usingizi. Ugonjwa unaozidi kwa kazi na kupungua kwa kupumzika ni wa namna nyingine, na haukai ndani ya ubongo.

Nadhani Ramadhani nayo iliwafunika macho. Mama amefunga, jioni amechoka, kope limelegea, sauti ndogo; nani asingesema ni saumu? Saumu haikumletea ugonjwa huu. Ilimfichia tu.

Nikueleze unavyofanya kazi, maana ukiuelewa hutahitaji kukariri orodha ya dalili. Amri ya kunyanyua kope au kutafuna inatoka kwenye ubongo, inashuka kwa neva mpaka kwenye msuli. Neva haiugusi msuli. Baina yao pana mlango mwembamba, na amri inavushwa kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ichukue kama kivuko cha Likoni: neva ndiyo inayotuma vyombo, msuli ndio wenye gati za kupokelea. Katika miasthenia gravisi, kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na vijidudu, inatengeneza kingamwili zinazoziba na kubomoa gati. Asubuhi neva imepumzika, inatuma vyombo vingi, na vya kutosha vinapata pa kutia nanga hata kwenye gati chache zilizobaki. Kadiri msuli unavyotumika, idadi ya vyombo inayotumwa kila mara hupungua. Hilo hutokea kwetu sote, ila sisi tuna gati za ziada na hatuhisi kitu. Mama hana ziada. Kope linashuka, taya linachoka, ulimi unakuwa mzito. Akipumzika, vyombo vinajaa tena, na anasema kama hakuna kilichotokea.

Sasa swali lako la pili. Kuna mama mmoja wa Mji wa Kale niliyemhudumia, naye aliletwa kwa jina la kiharusi. Nilimuomba anisomee Yasini, sura anayoijua kwa moyo, asome tu kwa sauti yake ya kila siku. Alianza vizuri, herufi zimesimama. Kabla hajafika mbali, hewa ikaanza kutokea puani. Akaendelea, sauti ikawa kama ya mtu aliyebanwa pua, kisha ikawa mnong'ono, na mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe kushika kidevu ili mdomo usiachame. Hakujua kwamba anakishika. Binti yake alisema, "Huyu siku hizi hukaa hivyo, tulidhani ni huzuni." Tukamwacha anyamaze robo saa. Aliporudia aya za mwanzo, sauti ilikuwa imerudi. Kuanzia hapo nilijua natafuta nini, na hapakuwa na mashine yoyote iliyotumika. Mkono unaoshika taya wakati wa kuzungumza au kutafuna ni dalili ninayotamani kila muuguzi wa Mombasa aijue.

Zipo nyingine ambazo nyumbani huonekana kabla ya hospitali. Mtu anakula wali bila shida lakini nyama anaiacha katikati, taya limechoka. Chai inarudi kwa puani. Anaona taa mbili barabarani, na akifunga jicho moja, lolote lile, inabaki moja. Kope linashuka leo kushoto, wiki ijayo kulia. Anashindwa kuinua mikono kusuka nywele au kutundika nguo kwenye kamba. Na shingo: akilala chali hawezi kuinua kichwa kutoka mtoni. Hiyo ya shingo iandike moyoni, nitairudia.

Anachokosa mtu huyu ni muhimu sawasawa na anachokuwa nacho. Hana ganzi. Anaelewa kila neno unalomwambia na anajua anachotaka kusema, ila viungo vya kusemea vimelegea. Mgonjwa wa kiharusi wakati mwingine hapati neno lenyewe, au haelewi la kwako. Mboni za macho ziko sawa na zinaitikia mwanga. Udhaifu haugawi mwili katikati, mkono na mguu wa upande mmoja, bali unachagua macho, uso, koo, shingo, mabega.

Daktari wa kasualti anaweza kupima mawili matatu hapohapo kitandani. Amwambie mgonjwa atazame dari bila kupepesa kwa dakika moja, aone kama kope linashuka. Kisha achukue barafu, aifunge kwa kitambaa au glavu, aiweke juu ya jicho lililofungwa kwa dakika 2. Baridi husaidia kivuko kile kifanye kazi vizuri kwa muda mfupi, na kope likipanda milimita 2 au zaidi, dalili za miasthenia ni za nguvu. Barafu haikosekani Mombasa. Baadaye kuna kipimo cha damu cha kingamwili, ambacho huonyesha ugonjwa kwa takriban 85% ya wale ambao umewaenea mwilini, na kuna kipimo cha kuchochea neva kwa umeme mara kwa mara, ambacho hakipatikani kila hospitali. Kipimo cha damu kikitoka hasi hakimalizi mjadala. Tabia ya udhaifu ndiyo hakimu.

Nisikupe picha ya urahisi usiokuwepo, lakini. Kiharusi cha shina la ubongo kinaweza kuleta kuona vitu viwili, maneno ya kulegea na kushindwa kumeza, vyote kwa pamoja, bila mkono wala mguu kuguswa. Na mtu mwenye miasthenia hajapewa kinga dhidi ya kiharusi. Mama yako bado ana presha. Siku mkono wake wa upande mmoja ukianguka ghafla, au akipata ganzi, au maneno yakamtoka yasiyo na maana, msiseme "ni ule ugonjwa wake". Mkimbizeni kama kiharusi, kwa sababu huenda ni kiharusi kweli. Kwa hiyohiyo, msiache aspirini wala dawa za presha kwa sababu jina la ugonjwa limebadilika. Hii ya mafuta ya damu mtajieni daktari wake wa neva, maana dawa za kundi hilo zimewahi kuamsha au kuzidisha miasthenia kwa baadhi ya watu. Aamue yeye.

Miasthenia haiko peke yake. Ugonjwa wa Guillain-Barré, uliopewa jina la madaktari wa Ufaransa walioueleza mwaka 1916, nao hufika kasualti kwa jina la kiharusi, hasa ukianzia usoni. Kwa kawaida huanza kwa vidole kuwa na ganzi na miguu kulegea, kisha hupanda juu siku hadi siku, mara nyingi baada ya kuhara au mafua ya wiki chache nyuma. Neva zenyewe ndizo zinazoshambuliwa. Daktari akigonga goti kwa nyundo, mguu hauruki. Kinachopotosha watu ni presha: ugonjwa huu huvuruga hata neva zinazoendesha moyo na mishipa ya damu, presha inaruka juu, na kila aliye chumbani anasema "presha imempiga kiharusi". Karibu robo ya wagonjwa hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia. Upo pia wa jamii yake unaoitwa Miller Fisher, ambao hukamata macho na kumfanya mtu ayumbe kama mlevi. Huo hufanana na kiharusi cha nyuma ya ubongo mpaka ugonge magoti.

Pwani yetu ina ya kwake. Samaki bunju ana sumu ambayo moto wa jiko hauivunji. Anayemla huanza kuhisi midomo na ulimi vinakufa ganzi, mara nyingi ndani ya saa moja, kisha anatapika, anashindwa kusema, mwili unalegea wote, na kifua kinasimama huku akili yake ikiwa macho kabisa, anasikia kila kinachosemwa juu yake. Haina dawa ya kuiondoa. Kinachookoa ni kupumulishwa kwa mashine mpaka sumu iishe mwilini, na akivuka siku moja mara nyingi anapona. Jirani akija na mgonjwa wa namna hii, swali la kwanza liwe: mmekula nini? Sumu ya koboko na ya fira nayo huanza kwa kope kushuka pande zote mbili, na alama ya jino huenda ikawa ndogo usiione gizani. Kuna botulizimu, sumu ya kidudu kinachokua kwenye chakula kilichofungiwa pasipo hewa; hiyo hushuka kutoka macho kwenda koo kwenda kifua, mdomo mkavu, mboni zimetanuka. Mwaka 1980 jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha kisa cha Wakenya walioipata kwa kula kumbikumbi waliohifadhiwa vibaya. Na kijana anayekula biriani ya harusi usiku, soda juu yake, akaamka alfajiri miguu haimbebi, huyo apimwe madini ya potasiamu kwenye damu na tezi ya shingo kabla ya kutafutiwa kiharusi. Ikiwa potasiamu ndiyo iliyoshuka, anaweza kutembea siku hiyohiyo.

Sasa la tatu.

Ugonjwa wa mama hauui kwa macho wala kwa ulimi. Unaua kwa pumzi. Misuli ya kuvuta hewa ni misuli kama mingine, nayo hulegea. Na hapa wahudumu wengi hudanganywa na kile kidude cha kubana kidoleni. Kinaonyesha oksijeni 97, watu wanatulia, wanamwacha kwenye benchi asubiri zamu. Mgonjwa wa udhaifu wa misuli hushusha oksijeni mwishoni kabisa. Kabla ya hapo amekuwa akishindwa kutoa hewa chafu, anapumua juujuu, hana nguvu ya kukohoa, mate yanamjaa. Namba ile ikianza kuanguka, nafasi ya kufanya mambo kwa utulivu imeshapita. Hajikazi wala hahangaiki kama mwenye pumu, kwa sababu misuli ya kuhangaikia hana. Amekaa kimya, na kimya hicho watu hukidhania ndiyo nafuu.

Kwa hiyo jifunze kumpima mwenyewe. Mwambie avute pumzi ndefu, kisha ahesabu kwa sauti, namba mbili kwa sekunde, bila kuvuta hewa nyingine. Namba zetu baada ya kumi ni ndefu, basi arudie moja hadi kumi na wewe ujumlishe. Mtu mzima mwenye afya hufika karibu 50. Mpime siku akiwa mzima, uandike namba yake. Siku ikishuka sana kutoka hapo, mpelekeni. Asipofika 20, hiyo ni dharura, hata kama anakwambia yuko sawa. Shingo isiyonyanyuka kutoka mtoni nayo huenda sambamba na misuli ya pumzi. Ukiona shingo imelegea, fikiria kifua. Akishindwa kulala chali, akisema maneno mawili matatu akakatika, akipaliwa na mate yake mwenyewe, msingoje asubuhi.

Njiani msimpe maji, wala uji, wala kidonge "cha kumpa nguvu". Najua ni mapenzi, lakini koo lililolegea hupeleka maji mapafuni. Mkalisheni, msimlaze.

Mkifika kasualti, usianze na hadithi ya wiki sita. Anayekupokea ana watu wengine thelathini nyuma yako. Sema hivi: "Mama yangu ana miasthenia gravisi, imethibitishwa. Leo hawezi kumeza na pumzi inapungua. Alishawahi kuwekwa kwenye mashine. Naomba apimwe nguvu ya pumzi, sio oksijeni peke yake, na daktari wa chumba cha mahututi ajulishwe." Maneno "pumzi" na "mashine" yatawainua. Yaandike kwenye karatasi ngumu pamoja na dawa zake na vipimo vyake, ikae ndani ya mkoba wake, kwa maana siku hiyo anaweza kuletwa na jirani asiyejua lolote. Na mwe na video kwenye simu: sekunde thelathini asubuhi akisema na kutazama juu, sekunde thelathini jioni. Daktari anaweza kumkuta akiwa kwenye saa yake nzuri, na maelezo yako yakaonekana ni wasiwasi wa mtoto tu. Video ile ya jioni ingemwonyesha kila mtu kilichokuwa kikitokea Kisauni wiki sita zile.

Karatasini pia ziwemo dawa za kuepuka. Azithromaisini iliyomdondosha ipo ndani, pamoja na ndugu zake erithromaisini na klarithromaisini. Siprofloksasini na jamii yake. Jentamisini. Kwinini, ambayo kwetu penye malaria lazima itajwe kwa sauti. Malaria kali nchini Kenya hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesuneti, na hiyo ndiyo aombewe. Hata ile soda chungu ya tonik ina kwinini. Propranololi na atenololi, ambazo watu wengi wa presha hupewa (kama ndizo anazotumia mama, msizikatize wenyewe, mtajieni daktari wake), na matone ya timololi ya presha ya macho. Magnesiamu ya mshipani. Dawa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji, kwa hiyo hata akienda kung'olewa jino aseme. Baadhi ya hizi daktari anaweza kulazimika kuzitumia, hilo ni lake akiwa anajua. Kinachonikera, na nitasema wazi, ni antibayotiki kuuzwa dukani kama peremende bila mtu kuulizwa ana ugonjwa gani. Mama yako alikwenda kununua dawa ya kikohozi akaishia kwenye mashine. Kumbuka lakini kwamba maambukizi ya kifua yenyewe, hata bila dawa ile, yanaweza kumzidisha. Kwa hiyo kikohozi chake chenye homa ni cha hospitali siku ya kwanza.

Akizidiwa kweli, matibabu yapo: imunoglobulini ya mshipani, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wazima wa afya, kwa siku kadhaa, au kuchujwa plazima, yale maji ya damu, kuondoa kingamwili zake mbaya. Zote ni ghali na hazipo kila mahali, ndiyo sababu nyingine ya kuwahi, kwani kumhamisha mgonjwa anayepumua mwenyewe ni rahisi kuliko kumhamisha aliyekwisha kushindwa.

Kwa siku za kawaida atakuwa amepewa piridostigmini. Dawa hiyo ina historia inayonigusa. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, akifanya kazi Greenwich, London, alitambua kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliopewa kurare, sumu inayolegeza misuli, akajaribu dawa ya kupambana na kurare, na kope lililoanguka likafunguka mbele ya macho yake. Piridostigmini ni ya ukoo huohuo. Inaifanya asetilikolini ikae zaidi kivukoni. Huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi dakika 45 na kuisha baada ya saa 3 au 4, hivyo mpangieni mlo: kidonge kwanza, chakula baada ya nusu saa hivi, taya likiwa na nguvu. Kikimletea tumbo la kuhara, mate mengi na jasho, huenda kipimo kimezidi, msiongeze wenyewe. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, nayo inaweza kumlegeza zaidi wiki moja mbili za mwanzo kabla haijamsaidia, kwa hiyo akiianza muwe karibu naye.

Ukiona vidonge hivyo vya kila saa chache, utajua kwa nini Ramadhani ijayo inahitaji mazungumzo mapema, na daktari wake na pia na sheikh mnayemwamini. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yake, na mama asione haya kuitumia. Majirani watakaosema ni upepo mbaya, waacheni waje wamsomee dua, dua haina ubaya. Ila vidonge visikatizwe hata siku moja kwa ajili ya kombe au mafusho.

Liko jambo moja ambalo hukulitaja, na nataka ulifuatilie katika kliniki ya kwanza: je, alifanyiwa skani ya kifua? Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, na mgonjwa mmoja katika kila 7 hadi 10 hivi wa miasthenia hukutwa na uvimbe humo, ambao hutolewa kwa upasuaji. Ile skani ya kwanza ilikuwa ya kichwa, haifiki huko. Ikiwa hajafanyiwa, omba afanyiwe, na siku hiyohiyo omba apimwe tezi ya shingo pia, kwa sababu magonjwa ya tezi hiyo hupenda kuandamana na miasthenia.